Sanduku la vielelezo vya obitali: vipande 16 vizuri na kijitabu kinachohitaji kuandikwa upya

Kwa mihula miwili sasa nimekuwa nikitumia, katika darasa langu la kemia la Kidato cha Tano, sanduku la vielelezo vya obitali, yaani maumbo ya maeneo ambamo elektroni ya atomu huelekea kukutwa, nililolinunua kwa shilingi 185,000 katika duka moja la vifaa vya maabara jijini Dar es Salaam. Walimu wenzangu kadhaa wameniuliza kama linastahili bei hiyo, na kwa kuwa jibu langu haliwezi kutoshea katika ndiyo wala hapana, nimeona ni vyema niliandike. Vipande vyenyewe ni vizuri kuliko nilivyotarajia. Kijitabu cha maelekezo kilichofungwa pamoja navyo, kwa upande mwingine, kina makosa ambayo yakifuatwa yatamrudisha mwanafunzi kwenye picha ile ile ya elektroni inayozunguka kiini kama sayari inavyolizunguka jua, na hiyo ndiyo picha ambayo mada ya namba za kwanta, zile namba nne zinazoeleza hali ya elektroni ndani ya atomu, inapaswa kuiondoa.

Ndani ya sanduku mna vipande 16 vya plastiki ngumu: tufe moja la obitali ya s, vipande vitatu vya p, vitano vya d na saba vya f. Mna kigingi chenye mihimili mitatu ya waya iliyoandikwa x, y na z, ambacho kila kipande huchomekwa katikati yake, na mna ubao wa mbao laini wenye vyumba 18 vilivyopangwa kuanzia 1s mpaka 4p, pamoja na pini 36 zenye vichwa vya mshale. Nilipovihesabu vile vipande 16 mara ya kwanza nilifurahi, kwa sababu idadi hiyo yenyewe ni somo. Ganda ambalo namba yake kuu n ni 4 lina obitali 16, yaani n kipeo cha pili, na kwa kuwa kila obitali hubeba elektroni mbili tu, ganda hilo hujaa likiwa na elektroni 32. Mwanafunzi anayevipanga vipande hivyo mezani kwa safu, kimoja, vitatu, vitano, saba, anaiona kanuni ya 2l + 1 kwa macho yake kabla hajaambiwa kuwa ni kanuni, l ikiwa ni namba ya umbo: 0 kwa s, 1 kwa p, 2 kwa d na 3 kwa f.

Hapo ndipo nguvu ya sanduku hili ilipo. Namba za kwanta huwasumbua wanafunzi kwa sababu hufundishwa kama orodha ya masharti ya kukariri: n ni 1, 2, 3 na kuendelea, l huanzia 0 na kuishia n − 1, ml huanzia −l mpaka +l, ms ni +½ au −½. Mwanafunzi huyakariri, huyaandika kwenye mtihani, kisha huyasahau, kwa sababu hakuna chochote alichowahi kukishika mkononi kinachomwambia kwa nini seti ya n = 2, l = 2 hairuhusiwi. Katika darasa langu lenye wanafunzi 46 nilifanya zoezi rahisi. Niliweka vipande vyote mezani, nikaandika ubaoni seti kumi za namba, nikawataka wanafunzi waje mmoja mmoja kuchukua kipande kinacholingana na seti aliyopewa, au kusimama mikono mitupu kama seti hiyo haiwezekani. Aliyepewa n = 3, l = 2, ml = 0 alikwenda moja kwa moja kwenye kipande cha d chenye vibuyu viwili vilivyozungukwa na pete mfano wa kata ya kubebea ndoo kichwani. Aliyepewa n = 2, l = 2 alikishika kipande cha d, akasita, akakirudisha. Darasa zima lilikuwa likimtazama, na hakuna aliyehitaji maelezo yangu. Zoezi hilo lilichukua vipindi viwili, nami naliona kuwa muda uliotumika vizuri kuliko mwingine wowote katika mada hii tangu nianze kufundisha.

Maumbo yamechongwa kwa uangalifu. Kipande cha p ni vibuyu viwili vilivyounganishwa shingoni, na ile shingo ni nyembamba kweli, jambo ambalo michoro mingi ya vitabuni huliharibu kwa kuvibandika vibuyu pamoja kana kwamba ni puto moja lililominywa katikati. Wembamba huo una maana: kwenye kiini chenyewe, uwezekano wa kuikuta elektroni ya p ni sifuri. Kati ya vipande vya d, vitatu vyenye vibuyu vinne vinakaa katikati ya mihimili na kimoja kinalala juu ya mihimili yenyewe, na kigingi kimetobolewa kwa namna ambayo huwezi kukikosea kipande mkao wake. Faida ya usahihi huu huonekana baadaye, tunapofika kwenye metali za mpito, ambapo mwanafunzi huuliza kwa nini mmumunyo wa mrututu ukiongezewa amonia ya kutosha hubadilika kutoka bluu nyepesi kuwa bluu iliyokolea sana. Ukiwa na kigingi hiki unaweza kuweka molekuli za mfano kwenye ncha za mihimili na kuonesha kuwa zinakabiliana uso kwa uso na baadhi ya obitali za d na kupita kando ya nyingine, hivyo nishati za obitali hizo tano, zilizokuwa sawa, zinatengana.

Vibuyu vimepakwa rangi mbili, nyekundu na bluu, na hapa kasoro ya kwanza ya kijitabu inajitokeza, kwa kuwa hakisemi chochote kuhusu rangi hizo. Wanafunzi wangu karibu wote walidhani kuwa nyekundu ni chaji chanya na bluu ni chaji hasi, na sikuweza kuwalaumu, kwa sababu ndivyo walivyozoea kuona kwenye nyaya za betri. Rangi zinaonesha alama ya wimbi la elektroni, chanya upande mmoja na hasi upande wa pili, kama mawimbi ya kamba ambayo sehemu moja imepanda huku nyingine imeshuka. Elektroni yenyewe ina chaji hasi popote itakapokutwa. Sentensi moja ingetosha kuliweka wazi, na sentensi hiyo haimo.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Ukurasa wa nne una jedwali linalosema kuwa px ina ml = −1, py ina ml = 0 na pz ina ml = +1. Jedwali la namna hii nimeliona pia katika baadhi ya madaftari ya masomo ya ziada, na naelewa mvuto wake, kwa kuwa kuna obitali tatu na namba tatu na mkono unawashwa kuziunganisha. Ukweli ni kwamba ml inahesabu kiasi cha momenta ya mzunguko (kipimo cha mwendo wa kuzunguka) ya elektroni kuelekea mhimili mmoja uliochaguliwa, ambao kwa desturi ni z, na kwa hiyo obitali yenye ml = 0 ni pz. Zilizobaki mbili, px na py, kila moja ni mchanganyiko wa hali zenye ml = +1 na ml = −1 kwa kipimo sawa, hivyo huwezi kusema kuwa px ndiyo hasi na py ndiyo chanya. Kwa d ni vivyo hivyo: kile kipande chenye pete ndicho chenye ml = 0, na vinne vilivyobaki ni michanganyiko ya jozi mbili, ±1 na ±2. Sidai kuwa mwanafunzi wa Kidato cha Tano afundishwe hesabu za michanganyiko hiyo. Ninachodai ni kwamba asifundishwe jambo ambalo atalazimika kulifuta atakapofika chuo kikuu, hasa wakati njia sahihi ni fupi: kuna obitali tatu za p kwa sababu ml inaweza kuchukua thamani tatu, na pz ndiyo yenye sifuri.

Nilibandika karatasi nyeupe juu ya jedwali hilo katika nakala yetu.

Ukurasa unaofuata unaeleza spini, sifa inayohesabiwa na ms, na mchoro wake ni mpira mdogo unaojizungusha kama pia, mmoja kuelekea kulia na mwingine kushoto. Mchoro huu una historia ya heshima, kwa kuwa George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit walipopendekeza spini huko Leiden mwaka 1925 walikuwa na picha inayofanana na hiyo, lakini fizikia iliiacha picha hiyo na kubaki na namba. Spini ni sifa ambayo elektroni inayo kama ilivyo na masi na chaji, na haihitaji mpira wowote kuzunguka. Kama mwandishi wa kijitabu alitaka kumpa mwanafunzi kitu cha kushika, angeeleza jaribio la Otto Stern na Walther Gerlach, lililofanyika Frankfurt mwaka 1922. Walipitisha mkondo wa atomu za fedha katika uga wa sumaku usiolingana nguvu kila mahali, na mkondo ukagawanyika mara mbili. Atomu ya fedha ina elektroni moja ya nje, nayo imo katika obitali ya s, ambapo l ni 0. Elektroni hiyo haina momenta ya mzunguko inayotokana na mwendo wake kukizunguka kiini, kwa hiyo namba tatu za kwanza haziwezi kueleza mgawanyiko ule. Inabaki ya nne, yenye thamani mbili tu, na mikondo ilikuwa miwili. Ninapolisimulia jaribio hili darasani, ms inaacha kuwa mshale unaochorwa kwenye kisanduku kwa sababu mwalimu amesema uchorwe.

Kwa jumla kijitabu kinazileta namba nne kana kwamba zilishuka zikiwa zimekamilika, na hilo linanihuzunisha, kwa kuwa kila moja ilidaiwa na mwanga uliopimwa. Johannes Balmer aliandika mwaka 1885 kanuni ya mistari minne ya mwanga wa haidrojeni, ya nanomita 656.3, 486.1, 434.0 na 410.2; mwaka 1913 Niels Bohr alionesha kuwa mistari hiyo hupatikana ikiwa nishati ya elektroni ya haidrojeni ni −13.6 elektronivolti ikigawanywa kwa kipeo cha pili cha namba nzima, na namba hiyo ndiyo n. Pieter Zeeman alikuwa ameona tangu mwaka 1896 kuwa mstari mmoja wa mwanga hupasuka atomu zikiwekwa ndani ya uga wa sumaku, jambo ambalo n peke yake haikuweza kulieleza. Arnold Sommerfeld aliongeza namba nyingine, mojawapo ikiwa ya kueleza mpasuko huo, na hiyo ndiyo sababu ml huitwa namba ya sumaku hadi leo. Tena kuna ushahidi ambao hauhitaji maabara ya ghali. Chumvi ya mezani ikinyunyizwa kwenye mwali wa jiko la gesi hutoa rangi ya manjano, na mwanga huo ukipimwa kwa chombo kizuri huonekana kuwa ni mistari miwili iliyokaribiana sana, ya nanomita 589.0 na 589.6. Elektroni ya nje ya sodiamu inashuka kutoka 3p kwenda 3s, na mistari ni miwili kwa sababu spini yake inaipa ngazi ya 3p nishati mbili zinazotofautiana kidogo. Ukurasa mmoja wa mambo haya ungekipa kijitabu uhai.

Turudi kwenye vipande, maana navyo vina upungufu wake. Tufe la s ni moja tu, na kijitabu kinamtaka mwalimu alitumie kwa 1s, 2s na 3s bila kubadilisha chochote. Hapo n inapotea kabisa. Namba kuu haibadilishi ukubwa wa wingu peke yake. Huongeza pia nodi, yaani mahali ambapo wimbi ni sifuri, na idadi ya nodi zote za obitali ni n − 1. Katika haidrojeni, 2s ina nodi moja yenye umbo la tufe, kwa umbali wa takriban pikomita 106 kutoka kwenye kiini, ambao ni mara mbili ya nusukipenyo cha Bohr, kipimo cha kawaida cha ukubwa wa atomu ya haidrojeni. Mtengenezaji angeweza kutoa tufe linalofunguka nusu kwa nusu na kuonesha tabaka hizo. Mimi huchukua yai lililochemshwa, nikalikata, nikawaonesha kiini chake cha manjano kama sehemu ya ndani ya wingu, ute mweupe kama sehemu ya nje, na ule mpaka mwembamba kati yao kama nodi. Mfano huu una mipaka yake, kwa kuwa kiini cha atomu kiko katikati kabisa ya ile manjano na ni kidogo kiasi cha kutoonekana, lakini mwanafunzi aliyeliona yai hilo hasemi tena kuwa 2s ni 1s iliyovimba.

Jambo jingine ambalo kijitabu kilipaswa kulisema ni kwamba uso wa kipande si ukuta. Kinaandika, kwa maneno haya ya wazi, kuwa elektroni husafiri juu ya uso wa umbo. Obitali huchorwa kwa kuzungushia mpaka eneo ambalo uwezekano wa kuikuta elektroni unafikia kiwango fulani, mara nyingi asilimia 90, na asilimia 10 iliyobaki iko nje ya plastiki, hewani, ikipungua kadiri unavyokwenda mbali. Wanafunzi hulipokea wazo hili kwa urahisi wakiambiwa tangu siku ya kwanza, na kwa shida kubwa wakiambiwa baada ya mwezi mmoja.

Ubao wa pini ni mzuri kwa kanuni ya Pauli ya mwaka 1925. Kila chumba kina matundu mawili, moja likiwa limechongwa kupokea mshale wa juu na jingine wa chini, hivyo elektroni mbili zenye namba zote nne sawa haziingii kwa sababu tundu halipo. Kwa kanuni ya Hund ubao hausaidii wala hauzuii. Mwalimu ndiye anayepaswa kusimamia, kwa mfano kwenye naitrojeni, kuwa kila chumba cha 2p kipate pini moja kabla chochote hakijapata ya pili. Nina malalamiko mawili hapa. Kijitabu kinasisitiza kuwa pini ya kwanza lazima iwe ya juu na lazima iingie chumba cha kushoto, na wanafunzi wawili wa darasa langu waligombana karibu kipindi kizima kuhusu seti ya elektroni ya mwisho ya boroni, mmoja akiwa ameandika ml = −1 na mwingine ml = +1, ilhali wote wawili walikuwa sahihi, kwa sababu bila uga wa sumaku hali hizo zina nishati sawa kwa kiwango tunachokijadili na kuanza na +½ ni desturi ya uandishi tu. Pili, 4s imechongwa chini ya 3d kwa kudumu. Mpangilio huo unafaa wakati wa kujaza potasiamu na kalisi, lakini chuma kinapopoteza elektroni mbili hupoteza zile za 4s na kubaki na 3d yenye sita, na kromiamu na shaba huvunja utaratibu kwa kubaki na elektroni moja tu ya 4s. Vyumba vya kuhamishika vingegharimu kidogo zaidi na kufundisha zaidi. Tena nashangaa kwa nini ubao uishie 4p wakati sanduku lina vipande saba vya f visivyo na chumba cha kuingia.

Lazima niseme neno kuhusu mfano ambao mimi mwenyewe niliutumia kwa miaka mingi, wa mkoa, wilaya, mtaa na nambari ya nyumba, kwa sababu kijitabu nacho kinaanza nao. Una uzuri mmoja: unaonesha kuwa kila namba inabanwa na iliyoitangulia, kama ambavyo huwezi kutaja wilaya ya Lushoto ndani ya Mkoa wa Mtwara. Lakini anwani hukupeleka mahali, nazo namba za kwanta hazikupeleki mahali popote. Ukiambiwa elektroni ina n = 2, l = 1, ml = 0, umeambiwa nishati yake katika haidrojeni, kiasi cha momenta yake ya mzunguko, na sehemu ya momenta hiyo inayoelekea z, na kutokana na hayo unaijua sura ya wingu; wapi elektroni ilipo sasa hivi hujaambiwa. Sanduku hili, likitumiwa na mwalimu anayelijua hilo, linaweza kuliondoa kosa la anwani kwa wepesi, kwa sababu mwanafunzi ameshika umbo zima mkononi na hakuna nukta yoyote juu yake iliyoandikwa kuwa elektroni iko hapa. Nimeuacha mfano wa mkoa na wilaya tangu muhula uliopita.

Kwa shule yenye mchepuo wa sayansi na mwalimu aliye tayari kukiweka kijitabu pembeni, nashauri linunuliwe, ingawa seti isiyo na vipande vya f, kama ingeuzwa kwa bei ya chini, ingetosha kwa muhtasari wetu. Kwa mwanafunzi anayetaka kujisomea peke yake nyumbani silishauri hata kidogo, kwa kuwa atakuwa na kijitabu kama mwalimu wake pekee.

Kuhusu uimara, vipande vya s, p na d havijapata hata ufa baada ya kupita mikononi mwa madarasa mawili. Kimoja cha f chenye vibuyu vinane kilivunjika shingo mbili katika mwezi wa pili, na duka lilinijibu kuwa halina vipande vya kuuza kimoja kimoja. Nilikipeleka kwa fundi seremala wa jirani na shule, nikamwachia na kipande mwenzake kizima kama kielelezo, naye akachonga vibuyu viwili vya mninga na kuvigundisha mahali pake. Ni vizito kuliko vile vya plastiki, kwa hiyo kipande huinama kidogo upande mmoja kikiwa kwenye kigingi, lakini pembe zake ziko sawa.